Kompyuta ya Sebuleni na Gunia la Pumba

Mtu akiniuliza anunue kompyuta gani ya kuweka sebuleni, mimi huanza na swali langu: kuku wenu wanalala wapi? Vijana mnacheka. Mnanitajia prosesa, mnanitajia gigabaiti, na mimi bado nataka habari za kuku. Nimefungua kompyuta za watu hapa Ifakara miaka mingi, na kabla ya hapo redio na TV, na ninawaambieni kwamba ndani ya mashine hizo nimetoa manyoya ya kuku mengi kuliko nilivyotoa virusi. Nimetoa mjusi mmoja akiwa hai. Nimetoa panya wawili. Nilipohesabu mara ya pili nikakuta ni watatu.

Sasa nimestaafu. Macho yameanza kuona skrubu moja kuwa mbili, na kwa mtu aliyezoea kuhesabu kila kitu mara mbili, hizo zinakuwa skrubu nne. Nikaona niache kazi kabla kazi haijaniacha. Lakini bado mnanifuata. Nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kukoboa mpunga, mtu ananigusa bega: "Fundi Mwaja, shikamoo. Nataka kompyuta ya sebuleni, ya muvi na magemu ya zamani. Nichukue ipi?" Nikiwa msibani, nimejifunika khanga, jirani ananinong'oneza hivyo hivyo, na marehemu hata hajatolewa ndani. Basi ngoja niandike, msome, mniache nilie kwa utulivu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Salehe, Mungu amrehemu, mwenye kibanda cha redio karibu na stendi. Wateja walidhani mimi ni binti aliyeletwa kuchota maji. Miezi mitatu hakuniruhusu kushika bisibisi. Alinipa kopo la skrubu akasema, hesabu. Nikahesabu. Akasema, hesabu tena. Nilimwona mzee mwenye roho mbaya kuliko wote wilayani. Siku aliponiruhusu kufunga redio ya mtu, ilibaki skrubu moja mezani, nikaificha kwenye pindo la khanga. Alichukua ile redio, akaitikisa sikioni, akaniangalia.

"Mwajuma, hii redio inaulizia kitu chake."

Sijui alisikia nini. Mpaka leo sijui. Lakini tangu siku hiyo nikimaliza kufunga kitu nahesabu mara mbili, na mara ya pili nahesabu kama mtu anayenishuku.

Neno lake jingine lilikuwa hili: fundi anayefungua kabla ya kuuliza anatafuta tu, hatengenezi. Ndiyo maana nauliza habari za kuku. Halafu nauliza muvi mtazitoa wapi. Kama ni mtandaoni, mtandao wa kwenu ukoje wakati wa mvua? Wa Ifakara mjini unavumilika. Ukishavuka mto kuelekea Malinyi, kuna siku mtandao unapanda wenyewe na kuna siku unasukumwa kama gari bovu. Kwa watu wa huko huwa nasema, punguza fedha ya prosesa uongeze kwenye diski. Muvi iliyomo kwenye diski haikwami katikati ikazunguka kaduara huku baba mkwe ameshika kikombe anasubiri ajue muuaji ni nani.

Na swali la tatu ndilo ninalotaka kuwasimulia, kwa sababu sikuliuliza, mimi niliyejiona nimeshauliza yote: nani atashika padi ya kuchezea gemu?

Mzee Masunga ni Msukuma wa Malinyi, mwenye mpunga na ng'ombe. Mimi ni Mzaramo niliyezaliwa hapa hapa Ifakara. Baba yangu alikuja na mzigo wa vitenge akasahau kurudi Pwani. Wasukuma na Wazaramo ni watani, kwa hiyo Masunga hakuwahi kuingia dukani kwangu kama mteja wa kawaida.

"Hodi humu! Mwenye duka yupo, au wamemwacha Mzaramo alinde?"

"Shikamoo Mzee Masunga. Karibu, ila ng'ombe waache nje."

"Marahaba. Ng'ombe wangu hawaingii hapa, wana heshima zao." Akakaa, akaweka kofia gotini. "Nataka kompyuta ya sebuleni. Ya muvi, ya taarifa ya habari, na ya gemu. Hasa gemu."

"Magemu ya wajukuu?"

"Gemu yangu," akasema, na sura yake haikuwa ya utani.

Akanieleza. Zamani alikuwa dereva wa trekta la kuvuta miwa kwenye shamba la sukari. Rafiki yake mkubwa alikuwa Bilali, Muha wa Kigoma, mchomelea vyuma kiwandani. Wakitoka kazini walikuwa wanakwenda kwenye kibanda cha gemu, wanaume wawili wenye masharubu, wanapanga foleni nyuma ya watoto waliovaa kaptula za shule. Walikuwa wanacheza gemu moja tu, ya mpira, katika zile za CD za mwanzo mwanzo ambazo wachezaji hawakuwa na vidole. Siku ya mwisho kabla Masunga hajahamia Malinyi, wakacheza mechi ya kuamua nani bingwa. Ikafika mbili mbili. Umeme ukakatika. Wakasubiri mpaka mwenye kibanda akafunga, na asubuhi Masunga akaondoka na mizigo yake.

"Imepita zaidi ya miaka ishirini," akasema. "Tukikutana harusini anasema angenifunga. Tukikutana msibani anasema angenifunga. Sasa amestaafu, anarudi kwao Kigoma moja kwa moja, na familia yote. Anaondoka Jumatatu ya wiki ijayo. Jumamosi anakuja kwangu kuniaga, na saa kumi anageuza na gari."

"Kwa hiyo unataka mmalize."

"Akishafika kwao, mimi na yeye tutaonana kwa simu tu. Na mpira haumalizwi kwa simu, Mzaramo."

Basi nikaweka mashine tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa ile kubwa ya kusimama, yenye kioo ubavuni na taa za rangi. Masunga aliinuka, akaizunguka, akachuchumaa, akaigonga mbavu kwa kidole kama mtu aliyeko mnadani. "Hii ina afya," akasema. Halafu akauliza swali ambalo ningependa kila mmoja wenu aulize kabla ya kutoa hata shilingi: "Inakula nini?"

Nikamwambia ukweli. Inakula umeme kama ng'ombe wa maziwa, na maziwa haitoi. Ina feni tano. Nikazihesabu tena, tano. Ukiiwasha sebuleni utadhani mashine ya kukoboa imehamia kwako, na kwenye muvi, mtu akinong'ona utaona midomo tu.

Ya pili ilikuwa ndogo kama sabuni ya kipande, haina feni hata moja. Kimya kama mtu anayedaiwa. Kwa muvi haina mpinzani, na kwa gemu za kaseti inatosha. Lakini ile niliyokuwa nayo ilikuwa na prosesa dhaifu, na kwa gemu za CD ilikuwa inahema.

Ya tatu ilikuwa ya ofisini, mtumba safi, bapa kama kopo la biskuti lililolazwa, feni moja ndogo. Hizi nazipenda mpaka leo. Maofisini wanazitupa zikiwa bado na nguvu, hazikuwahi kucheza muziki wala kuona jua, zimeandika barua tu maisha yao yote. Nilikuwa nimeshaitoa diski ya zamani inayozunguka nikaweka ya kisasa isiyozunguka, na RAM nimeifikisha gigabaiti nane. Matundu ya USB sita.

Masunga akahesabu. "Sita ya nini?"

"Padi mbili, kibodi, flashi, na diski ya muvi. Hizo tano."

"Na la sita?"

"La mgeni kuchajia simu. Usipomwekea atachomoa diski."

Akaona ni kweli. Tukaingia kwenye bei. Alitaja yake, nikacheka. Nikataja yangu, akacheka yeye. Tukaagiza soda. Kwa watani hakuna bei mpaka mmoja amtukanie mwenzake kabila zima, na hilo tulilitimiza. Alitaka kuchukua padi moja tu.

"Na Bilali?"

"Bilali aje na yake."

Nilimwambia mechi ya padi moja inaitwa mazoezi. Akachukua mbili, za waya, na hapo niwape siri: kwa sebule nunueni za waya. Za bila waya zinaisha chaji pale pale mtu anapokaribia kufungwa, na hakuna atakayeamini kwamba ni chaji. Mwisho akakubali bei yangu kwa sharti moja: nije mwenyewe Malinyi kuifunga. "Nikikwama Jumamosi," akasema, "sitaki fundi wa kwenye simu."

Sasa njooni kwenye kosa langu.

Barabara ya kwenda Malinyi ninaijua kwa kiuno. Nilitaka mashine ifike salama. Mimi ni mtu wa bonde la mpunga, na kwetu kila mtu anajua mayai yanasafirishwaje: unayafukia kwenye pumba. Mayai ya hapa yanafika Dar es Salaam mazima. Nikajisemea, kama pumba zinalinda yai, hii ya bati itashindwa nini? Nikaifunga kompyuta kwenye khanga, nikaizika katikati ya gunia la pumba laini, nikaketi nalo garini kama nimebeba mtoto. Kila shimo nililopita nilijipongeza. Niliwaonea huruma mafundi wote wa mijini wanaotumia maboksi.

Khanga, wanangu, ni kitambaa cha pamba. Kina matundu. Na pumba laini ni vumbi lililojipa jina la chakula cha kuku.

Nilifika asubuhi ya Jumamosi. Mama Kabula, mke wa Masunga, alinipokea mlangoni, "Mwangaluka," nami nikaitikia kwa Kisukuma changu cha sokoni, akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Sebule yake ilikuwa ya kupigiwa mfano. Kila kitu kilikuwa na kitambaa chake cha kufuma: kochi, meza, redio, king'amuzi, hata rimoti ilikuwa na kijaluba chake. Nikaitoa mashine kwenye gunia, nikaipiga piga mgongoni, nikaifuta kwa nje, nikaiunganisha na TV. Ikawaka mara moja. Nikajiona bingwa.

Nilipogeuka kuchukua kibodi, Mama Kabula alikuwa ameshaivisha mashine kitambaa. Kizuri sana, cheupe, cha maua. Kimefunika matundu yote ya hewa.

"Mama, hii inahitaji kupumua."

"Kwani redio haipumui? Ina kitambaa miaka kumi."

Hapo ningepaswa kushikilia msimamo. Lakini nilikuwa nimepewa chai na maziwa mgando, na mtu hagombani na vitambaa vya mwenye nyumba kinywa kikiwa na maziwa yake. Nikakisogeza kidogo, vidole viwili hivi. Nilivyorudi kuangalia, kilikuwa kimerudi mahali pake.

Masunga akajaribu padi akalalamika kwamba anabonyeza leo, mchezaji anapiga kesho. Msikimbilie kulaumu kompyuta kwa jambo hilo. Ulizeni TV kwanza. TV za siku hizi zinapamba picha kabla ya kuionyesha, kama bibi harusi, na gemu haisubiri mapambo. Ingieni kwenye mipangilio ya TV mtafute hali ya gemu. Nilipoiweka, Masunga akabonyeza, mchezaji akapiga hapo hapo. "Sasa huyu amenielewa," akasema.

Bilali akafika saa nane mchana, mtu mrefu, miwani ya kamba, mikono yenye makovu ya cheche. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, kwa sababu alikuwa ameshaiona TV.

"Masunga. Usiniambie."

"Kaa chini, mla mawese."

"Ni ile ile?"

"Ile ile. Tunaanzia mbili mbili. Goli moja tu, la kwanza ndilo la mwisho."

Bilali akavua viatu taratibu, kama mtu anayeingia msikitini. Wakaketi kochi moja, magoti yamegusana. Mama Kabula na mimi tukachukua viti vya nyuma.

Na mambo yakawa mabaya. Wachezaji walikimbia kama wamemwagiwa siafu. Masunga alikuwa anapiga pasi kwa mshika kibendera. Bilali alibonyeza kitufe cha kupiga wakati mpira ulishatoka zamani, mchezaji wake akarusha teke hewani peke yake. Robo saa nzima hakuna hata shuti lililoelekea golini. Vidole vilivyochomelea vyuma miaka thelathini na vidole vilivyoshika usukani wa trekta vilikuwa vinatafuta vitufe kama vinatafuta sindano mchangani. Utani ulikuwa umeisha. Ilibaki kelele ya mashabiki wa ndani ya TV tu.

Bilali akashusha padi mapajani.

"Masunga, tumezeeka. Tuache."

"Tuache nini?"

"Hivi hivi inatosha. Mbili mbili ni matokeo mazuri. Tunywe chai, tuzungumze, niondoke."

Masunga hakushusha yake. Alikuwa anaitazama ile padi mapajani mwa mwenzake. Mimi niliyemuuzia mashine nikatamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimempimia kasi, nimempimia matundu, nimempimia umeme, na sikuwahi kumwambia shika hii padi nione vidole vyako.

"Dakika tano," akasema Masunga. "Nipe dakika tano, Bilali."

Bilali akainua padi kwa kumhurumia. Na hapo ndipo nikasikia harufu.

Mnaijua harufu ya pumba zikianza kuungua? Ni kama mtu anakaanga mahindi nyumba ya tatu. Nikajua mara moja. Zilikuwa zimeingia kwenye feni, zimejipanga kwenye mapezi ya kupoza prosesa, na juu yake kumevishwa kitambaa cha maua. Kompyuta ikizidiwa na joto hujihurumia: inapunguza kasi yake yenyewe. Na gemu ikaanza kupungua mwendo. Wachezaji waliokuwa wanakimbia wakawa wanatembea. Wakawa kama wanacheza ndani ya jaruba la mpunga lililojaa maji.

Nikaruka kwenda kuizima.

"Usiguse!" wakapiga kelele wote wawili.

"Wazee wangu, mashine inaungua."

"Iache iungue," akasema Bilali, na macho yake yalikuwa yameamka. "Masunga, umeona? Umeona ile? Nimempa pasi!"

"Nimeiona. Ngoja nikunyang'anye. Haya. Haya! Nimechukua!"

Kwa mwendo ule wa kobe, vidole vyao vilipata muda wa kukumbuka. Bilali akapiga chenga. Masunga akamwita mwizi. Bilali akamwita mchunga ndama. Shuti la kwanza likagonga mwamba, Mama Kabula akasimama bila kujua kwamba amesimama. Mpira ukarudi upande wa pili, Masunga akapita mtu mmoja, akapita wa pili, akabaki yeye na kipa, akainua mguu...

Giza. Mashine imejizima.

Ukelele alioutoa Masunga uliwafukuza kuku mpaka kwa jirani. "Jamani! Nilikuwa nafunga!"

"Ulikuwa unapaisha," akasema Bilali.

"Nilikuwa nafunga!"

"Wazee wangu," nikasema, "bishaneni, mimi nifanye kazi." Ilikuwa saa nane na nusu. Nikaitoa mashine uani, nikaondoa kifuniko. Skrubu nne. Nikazihesabu tena, nne, nikazimwaga kwenye kisahani cha Mama Kabula. Ndani palikuwa ghala. Niliomba pampu ya baiskeli, nikapuliza, na pumba zikatoka kama moshi wa tanuri la matofali. Kuku walirudi mbio kutoka kwa jirani. Kila nilichopuliza walikula, na nilijiuliza ni fundi gani mwingine katika nchi hii ambaye amewahi kulisha kuku kutoka kwenye prosesa.

Mama Kabula alisimama pembeni akiangalia, kitambaa chake mkononi.

"Kumbe kweli inapumua," akasema.

"Kosa ni langu, mama. Pumba nimezileta mimi."

"Na kitambaa nimeweka mimi. Tugawane." Akakikunja, akakiweka mfukoni.

Nikafunga. Skrubu nne zimerudi, nikahesabu kisahani: hakuna kitu. Nikakihesabu tena. Mashine ikawaka, ikawa baridi, ikawa kimya, ikawa na kasi kama siku ilipotoka kiwandani. Nikawakabidhi padi kwa fahari. Wakacheza dakika mbili.

"Imeharibika," akasema Bilali.

"Imepona, mzee. Ndiyo mwendo wake."

"Basi irudishe pumba."

Masunga aliniangalia kwa sura ya mtu anayeomba dawa, na saa ya ukutani ilikuwa inasema saa tisa na robo. Nikakumbuka Fundi Salehe, fundi huuliza kwanza. Nikawauliza: ile kasi ya mwanzo wa joto na ile ya karibu na kuzima, mliipenda ipi? Wakabishana, wakakubaliana kwamba ni ya katikati. Programu zinazochezesha gemu za zamani zina mahali pa kuchagua mwendo. Nilikuwa napapita kila siku sikuwahi kupagusa, kwa sababu sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu anayetaka mashine iende polepole. Nikaweka asilimia themanini. Bado haraka. Nikaweka sitini.

"Hapana," akasema Masunga, "huu ni mwendo wa jeneza."

Nikaweka sabini. Bilali akapiga pasi moja, ikafika. Masunga akaipokonya. Hakuna aliyesema asante. Walikuwa wameshaniondoa akilini. Hiyo ndiyo asante kubwa kuliko zote kwa mtu wa kazi hii, na hapo ndipo penye lile swali la tatu mnalopaswa kuuliza dukani. Prosesa msiichague kwa kasi yake tu. Angalieni vidole vitakavyoketi mbele yake, kisha nunueni kasi inayozidi kidogo, kwa sababu mwendo unaweza kuupunguza, kuuongeza huwezi. Na mkisafirisha, tumieni blanketi.

Walicheza kama watu walioachiliwa. Saa tisa na nusu, bado. Saa kumi kasorobo, bado. Masunga alikosa goli la wazi, akailaumu padi, kisha kochi, kisha serikali. Dakika chache baadaye mchezaji wa Bilali akaupata mpira pembeni, akaukokota, taratibu, kila mtu anaona anachotaka kufanya na hakuna anayeweza kumzuia, akageuka, akapiga. Kipa wa Masunga akaruka upande wa pili.

Bilali aliinuka na padi juu ya kichwa mpaka waya ukachomoka. Alikimbia akaizunguka meza ya sebuleni mara mbili, mtu mzima mwenye wajukuu, soksi moja imemtoka.

Masunga alibaki anaitazama TV. Nikaogopa. Mtu ameibeba mechi miaka yote ile, kavuka nayo mto, kailea, halafu anaipoteza kwake, mbele ya mkewe. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka kimyakimya kwanza, halafu kwa sauti, akavua kofia akajifutia macho.

"Tatu mbili," akasema. "Haya. Sasa unaweza kwenda Kigoma."

"Bado," akasema Bilali, akihema. "Kwanza amka."

"Niamke niende wapi?"

"Mshinde anaamka. Umesahau sheria ya kibanda? Aliyefungwa anaachia kiti, anakaa anayefuata."

"Hapa ni kwangu! Kochi hili nimenunua mimi!"

"Kibandani hakukuwa na kwangu. Amka, Masunga."

"Siamki."

Mama Kabula alikuwa ameshatoka kwenye kiti chake cha nyuma. Alisimama mbele ya mumewe, mikono kiunoni.

"Baba Kabula, amka. Kuna watu wanasubiri."

Masunga akaamka. Akasimama katikati ya sebule yake kama mgeni asiyejua pa kuweka miguu. Mama Kabula akaketi mahali pake, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akaokota padi.

"Shemeji Bilali," akasema, "kitufe cha kupiga ni kipi?"

Nje, gari la Ifakara lilipiga honi. Dereva alikuwa ameambiwa asiwaache abiria wawili, Bilali na fundi. Nikahesabu foleni: Masunga alishaamka, anayefuata baada ya mama ni mimi. Nikahesabu tena. Nikatoka mlangoni nikamwambia dereva azime injini, aingie ndani, ila ajue kwamba atakuwa nyuma yangu.